Mtazamaji ajue au asijue? Naomba ushauri wa kujenga taharuki katika sini moja

BintiWaKamera:

Habari zenu wakuu. Naandaa filamu fupi na nimekwama kwenye sini moja ambayo ndiyo uti wa mgongo wa hadithi nzima. Naieleza kwa kirefu kidogo ili mnielewe.

Mhusika wangu ni karani wa hesabu. Amegundua kuwa bosi wake anaghushi vitabu vya mahesabu, na ushahidi uko kwenye faili moja ndani ya kabati la ofisi ya bosi. Jioni wafanyakazi wameshaondoka, bosi naye ameondoka. Binti anaingia, anafungua kabati, anatafuta faili, anapiga picha kurasa tatu kwa simu yake. Bosi anarudi. Basi. Hakuna risasi wala kukimbizana, ni chumba kimoja na korido yake. Kwenye mswada ni kurasa nne.

Tumegongana mawazo mimi na mpiga picha wangu. Yeye anasema tukae ndani na binti mwanzo mwisho, bosi asionekane hata kidogo, halafu mlango ufunguliwe ghafla watu waruke kwenye viti. Mimi moyo wangu unaniambia mtazamaji amwone bosi akirudi kabla binti hajajua. Ila nikitakiwa kueleza kwa nini, nakosa hoja, na huyu ni mtu ambaye kazi yake naiheshimu sana, siwezi kumwambia tu "nimeamua". Na kuna kitu kinanitisha: nikishaonyesha kwamba bosi anarudi, nimebaki na nini mkononi?

Tuna kamera moja, na ofisi tumepewa kwa usiku mmoja. Nataka nifike pale najua kila shoti ninayoihitaji na sababu yake. Wenye uzoefu, taharuki ndani ya sini moja mnaijengaje?

PazaFungua:

Mimi niko upande wa mpiga picha wako, dada. Mtazamaji wa siku hizi ameona filamu nyingi mno. Ukimwonyesha bosi yuko kwenye ngazi, anajua papo hapo kinachofuata na anakaa kukusubiri. Mshtuko ndio unaobaki kichwani mwa watu wakitoka ukumbini. Weka ukimya mrefu, mtulize kabisa mtazamaji, kisha mlango. Kwa filamu fupi hiyo inatosha.

MezaYaUhariri:

Dada, fuata moyo wako. Hoja unayoitafuta ipo na ina umri mkubwa, tena naona inawezekana kumpa mpiga picha wako sehemu kubwa ya anachokitaka. Mimi ni mhariri wa filamu, kwa hiyo nitasema kutoka kwenye meza ninayokaa.

Kwanza hilo la kujua na kutojua. Mwaka 1962 Alfred Hitchcock, mwongozaji maarufu wa filamu za taharuki, alikaa na mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut kwa mazungumzo marefu ambayo baadaye yalitolewa kitabu. Humo alitoa mfano ambao watu wa filamu wanautaja mpaka leo. Watu wamekaa mezani wanapiga soga za kawaida, bomu linalipuka chini ya meza. Mtazamaji amepata sekunde 15 za mshtuko. Sasa chukua watu walewale na soga zilezile, ila mtazamaji ameshaona bomu likiwekwa, anajua litalipuka saa ngapi, na saa ya ukutani inaonekana. Soga zilezile za kuchosha zinageuka kuwa mateso, kwa sababu mtazamaji anatamani kuwapigia kelele waache kuongea waangalie chini ya meza. Hapo umepata dakika 15.

Angalia kilichobadilika. Wahusika hawajaambiwa kitu na maneno yao ni yaleyale. Kilichobadilika ni kazi anayoifanya mtazamaji kichwani mwake. Kwa hiyo mpiga picha wako akikuuliza, mwambie hivi: njia yake inamwacha mtazamaji bila kazi kwa kurasa nne zote, halafu inampa kazi ya nusu sekunde mwishoni. Njia yako inampa kazi tangu ukurasa wa kwanza.

Lakini wengi wakishausimulia mfano wa bomu huishia hapo, na hapo ndipo sini nyingi zinapofia. Wanaonyesha hatari, kisha wanakata huku na huku: binti, bosi, binti, bosi, binti, bosi, kwa vipande vya urefu uleule. Mtazamaji anajua, ni kweli, na bado hajali. Kujua peke yake hakutoshi. Anahitaji vitu vingine viwili. Aone kazi yenye hatua ambazo haziwezi kurukwa wala kuharakishwa, na awe na namna yake mwenyewe ya kupima muda uliobaki, bila kuambiwa na mtu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni karamu iliyo katika filamu ya Hitchcock, Notorious ya 1946, na inafanana sana na sini yako. Alicia, anayeigizwa na Ingrid Bergman, ameiba ufunguo wa stoo ya mvinyo ya mumewe. Kamera inaanza juu kabisa, inaona ukumbi mzima, wageni wamevaa wakapendeza, kisha inashuka bila kukatwa mpaka kwenye kiganja chake alichokifumba, na ndani yake ufunguo. Shoti moja imekupa mahali, watu wanaoweza kumwona, na kitu kidogo ambacho kikionekana ameangamia. Kila mtu anaisifia shoti hiyo, na inastahili sifa. Mimi kinachonikosesha utulivu zaidi ni shampeni. Chupa zimepangwa kwenye barafu kwa ajili ya wageni. Zikiisha, mume ataombwa zaidi, na zilizobaki ziko kulekule stoo, ambako Alicia na jasusi mwenzake wanatakiwa wawe wakipekua. Basi kila kamera inaporudi kwenye lile barafu, chupa zimepungua. Kila mgeni anayeinua glasi, mtu asiye na kosa lolote, anakula muda wao. Hitchcock ametengeneza saa kwa kutumia ukarimu wa karamu, na sini nzima imeanza kuhesabu.

Sasa rudi kwenye ofisi yako. Kwa nini bosi anarudi? Hukusema, na nadhani jibu la swali hilo ndilo litakalokujengea sini. Akirudi kwa bahati tu, mtazamaji ataona mkono wa mwandishi. Mimi ningemfanya asahau miwani. Mwanzo wa sini, kabla binti hajaingia, tunamwona bosi anavua miwani, anafikicha macho, anaiweka mezani, anapokea simu, anazima taa, anatoka akiendelea kuongea. Kamera inabaki kwenye miwani. Usiisogelee sana, usiipigie muziki. Ibaki pale sekunde mbili tatu, mtazamaji aseme mwenyewe moyoni: huyu atarudi. Hapo umeshampa habari bila kumwonyesha bosi njiani hata mara moja, na binti hajaingia bado.

Kisha binti anaingia na hakuna anachojua. Anafungua kabati. Faili zimebanana, ili apate analolitaka lazima atoe nyingine aziweke mahali. Aziweke wapi? Juu ya meza. Juu ya miwani.

Hebu kaa na picha hiyo kidogo. Sasa hatari haipo tena korido peke yake. Ipo chini ya karatasi, na aliyeiweka pale ni yeye kwa mikono yake. Bosi akirudi hatachukua miwani yake na kuondoka, ataanza kuitafuta. Na binti asipopata nafasi ya kurudisha zile faili kwa mpangilio wake, hata kama hatakamatwa leo, kesho bosi atajua kuna mtu aliingia.

Kuhusu kazi yenyewe, usimwonee haya mtazamaji, mwonyeshe hatua zote. Kurasa tatu zipigwe picha kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza anaupiga vizuri, mtazamaji ajifunze mwendo: anafungua, analaza karatasi, anashika simu kwa mikono miwili, anasubiri picha itulie, anapiga. Ukurasa wa pili simu inahangaika kutafuta fokasi kwa sababu mwanga ni mdogo, maandishi yanakuwa ukungu, yanarudi, yanakuwa ukungu tena. Ana njia mbili: awashe taa ya simu, ambayo inaweza kuonekana kupitia kioo cha mlango, au apige picha isiyosomeka ambayo haitamsaidia mbele ya mtu yeyote. Sasa ameamua jambo, na kila tunachoogopa kuanzia hapo kinatokana na uamuzi wake. Tofauti ni kubwa kati ya hilo na simu kuisha chaji ghafla, au ufunguo kumdondoka. Vikwazo vya bahati mbaya mtazamaji huvisamehe mara moja, cha pili kinamuudhi. Kikwazo kizuri kinazaliwa ndani ya kazi yenyewe.

Kitu kingine ambacho waongozaji wengi wanakipitia haraka ni ramani. Mtazamaji hawezi kuogopa umbali asioujua. Kabla ya hatari yoyote, nipe shoti pana moja ambamo naona mlango, meza na kabati kwa pamoja, na nipe korido mara moja, kutoka ngazi hadi mlango wa ofisi, bila kukata, kwa mwendo wa kawaida wa mtu anayetembea. Hiyo unaweza kuipata bosi anapoondoka. Anatembea korido nzima, tunahesabu hatua zake bila kujua kwamba tunahesabu. Atakaporudi mwili wa mtazamaji utakuwa unajua umebaki muda gani. Nikiletewa sini ya namna hii mezani, mara nyingi shoti hiyo haipo. Nina nyuso nzuri, mikono mizuri, kitasa cha mlango, na sina kitu cha kuniambia mlango uko hatua ngapi kutoka kwenye kabati. Hapo hata nikate kwa ustadi gani, hofu haina pa kusimama.

Na sasa sehemu ya mpiga picha wako. Bosi akirudi, mwonyeshe mara moja tu. Shoti moja: chini ya ngazi, anajipapasa mfuko wa shati, anasimama, anageuka. Baada ya hapo usimwonyeshe tena. Rudi ndani na binti na ubaki humo, kama rafiki yako anavyotaka. Mwili wa binti mbele, mlango nyuma yake ndani ya fremu ileile, umefungwa, hauko kwenye fokasi lakini unaonekana. Mtazamaji ameshajua bosi anakuja, ila sasa umemnyima habari za amefika wapi. Atauangalia ule mlango wenye ukungu badala ya kumwangalia mwigizaji wako, na hutakuwa umemwelekeza. Ukiendelea kurudi kwa bosi kila sekunde nne unamfariji, maana kila mara unamwambia "bado hajafika". Acha kumwambia.

Kwa hiyo, ukiuliza umebaki na nini mkononi baada ya kuonyesha kwamba anarudi: umebaki na lini, umebaki na atakuta nini, na umebaki na miwani.

Sikio:

MezaYaUhariri amesema mengi ya picha, mimi nifungue mlango wa sauti, maana ukishaamua kutomwonyesha bosi, sauti ndiyo itakayombeba.

Mpe bosi sauti yake mapema. Iwe kitu kimoja tu: viatu vyenye soli ngumu, au tabia ya kuchezesha rundo la funguo anapotembea. Isikike kwenye sini ya mchana, ofisi imejaa watu, hakuna anayeijali. Usiku ikisikika peke yake hutahitaji kumwonyesha mtu yeyote.

Na tafadhali, sauti ya korido msiitengeneze studio kama mnaweza kuirekodi palepale. Usiku huohuo, mkimaliza picha, maikrofoni ibaki ndani ya ofisi, mlango ufungwe, mwigizaji wa bosi atembee kutoka ngazi mpaka mlangoni akiwa na viatu vyake vya sini. Rudieni mara kadhaa kwa mwendo tofauti. Sauti inayopita kwenye mlango halisi ina uzito ambao ni vigumu kuuiga: sauti nyembamba zinapotea, nzito zinabaki, na mtu akifika karibu kabisa kuna kitu kinabadilika ambacho sikio linakitambua kabla ya akili. Rekodini pia chumba kikiwa kimya, dakika nzima, watu wote wasimame bila kusogea. Ukimya wa chumba si utupu, na mkiweka utupu mtazamaji atadhani spika zimeharibika.

Muziki mimi ningeuacha kabisa. Wizi wa duka la vito katika filamu ya Rififi ya 1955 unakwenda karibu nusu saa bila neno na bila muziki. Wezi wanatoboa sakafu ya chumba cha juu, wanashusha mwavuli kupitia tundu na kuufungua ili vipande vya dari viangukie ndani yake visipige sakafu. Ukiutazama unajikuta na wewe unaogopa kukohoa. Mtunzi wa muziki, Georges Auric, alikuwa ameshauandika muziki wa sehemu hiyo. Mwongozaji Jules Dassin akamwonyesha ikiwa na muziki, kisha bila muziki, na Auric mwenyewe akakubali uondolewe. Muziki ungemwambia mtazamaji aogope saa ngapi. Bila muziki kila mkwaruzo unabaki ushahidi dhidi yao, na wewe ndiye unayeusikiliza kama mlinzi.

Kwa sini yako hiyo ina maana karatasi ndiyo muziki wako. Karatasi ikifunuliwa usiku ina kelele kubwa sana. Mlio wa droo ya chuma ya kabati. Mwache afungue droo polepole mwanzoni, tusikie inavyolia, ili baadaye anapotakiwa kuifunga tujue italia.

MwigizajiWaPembeni:

Neno dogo kutoka upande wa waigizaji. Mwambie binti yako asiigize hofu. Akianza kuhema na kutupa macho huku na huku tangu anaingia, mtazamaji anamwachia yeye ile hofu na kubaki anamtazama. Mpe kazi ya kweli. Faili liwe na kurasa nyingi, na awe anatafuta tarehe fulani kweli, kwa macho yake, akiwa hajui ipo ukurasa wa ngapi. Mtu anayesoma anakuwa na uso wa kusoma, na uso wa kusoma katika mahali pa hatari unatisha kuliko uso wa kuogopa. Bosi naye hivyohivyo: asirudi kama adui. Anarudi amechoka, anataka miwani yake.

BintiWaKamera:

Wakuu, nimesoma hapa mara ya pili na daftari mkononi. Miwani chini ya faili imenikosesha usingizi, kwa uzuri. Mpiga picha wangu nimemtumia ile sehemu ya kumwonyesha bosi mara moja kisha kubaki ndani, na amejibu kwa kuchora. Amechora fremu yenye binti mbele na mlango nyuma, na anataka sini yote ya ndani ipigwe kwa lenzi moja, isibadilike, ili tubanwe naye humo humo.

Nina maswali mawili yamebaki. Moja, nitajuaje nimeivuta vya kutosha na sijapitiliza? Naogopa nikifika kwenye uhariri nitakuwa nimeizoea, sitasikia kitu. Pili, mwisho wake. Bosi ameingia. Amkamate au asimkamate? Mswada unasema anamkuta, na sasa sina hakika.

PazaFungua:

Nakubali hii ya miwani ina nguvu. Ila bado nasema mtazamaji huchoka. Swali lake la kwanza ni la msingi.

MezaYaUhariri:

Ni la msingi kweli, na jibu langu ni kwamba mtazamaji hachoshwi na urefu, anachoshwa na kurudiwa. Chunguza kila shoti uulize: baada ya hii, hali ya binti imebadilika vipi ukilinganisha na kabla yake? Imekuwa mbaya zaidi, au imepata nafuu kidogo, au mtazamaji amejua jambo jipya? Kama hakuna hata moja, itoe, hata kama ni nzuri. Na kama kila shoti inasogeza kitu, unaweza kwenda mbali kuliko unavyothubutu sasa.

Chukua kituo cha mafuta katika No Country for Old Men, filamu ya ndugu Coen ya 2007. Watu wawili, kaunta moja katikati yao, maneno ya kawaida ya muuzaji na mteja. Katikati ya mazungumzo yule mteja, ambaye ni muuaji, anakunja karatasi ya vitu alivyokuwa akitafuna, anaiweka kwenye kaunta. Kamera inabaki pale. Karatasi inaanza kujikunjua taratibu, inatoa mlio mdogo mkavu, inajinyoosha kidogo, inasimama, inasogea tena. Hakuna anayeigusa. Shoti hiyo haina habari yoyote ya hadithi, na bado imebadilisha kitu: kabla yake tulidhani ni mazungumzo tu, baada yake tunajua yule mzee amebanwa na hakuna njia ya kutoka mpaka mwenzake aamue. Naipenda kwa sababu ni ya polepole na haina hata fremu moja ya ziada. Imekaa muda ule ule ambao karatasi inauhitaji.

Kuhusu kuizoea, hilo linatupata sote. Ninachofanya ni kumkalisha mtu ambaye hajui hadithi, halafu simwangalii usoni, maana akijua anatazamwa anaigiza. Nakaa nyuma yake naangalia mabega na mikono. Mtu akiwa ndani ya sini anakuwa mtulivu kupita kiasi. Akianza kubadilisha mkao, pale alipobadilisha ndipo pa kukata. Usimuulize alionaje mpaka uwe umeshaandika dakika na sekunde.

Na nikupe desturi moja ya kukata: kwenye sini kama hii, usiondoke kwenye shoti kitendo kinapoisha. Binti ameshafunga droo, mikono imetulia, mwongozaji wa kawaida angekata. Ongeza nusu sekunde, yaani fremu 12, zile picha moja moja za filamu, kama mnapiga 24 kwa sekunde. Zile fremu 12 mtazamaji anazisoma kama swali. Lakini usifanye hivyo kila mahali, ukizoesha sikio lake na mwendo huo ataacha kuusikia.

Sasa mwisho. Kuna somo ambalo Hitchcock mwenyewe alilitaja katika yale mazungumzo na Truffaut. Katika filamu yake ya Sabotage ya 1936 kuna kijana mdogo anatumwa kupeleka kifurushi katikati ya London, hajui kwamba ndani mna bomu. Mtazamaji anajua, na anajua na saa yake. Kijana anacheleweshwa na mchuuzi wa barabarani, anacheleweshwa na gwaride, anapanda basi, anacheza na mtoto wa mbwa. Na bomu linalipuka akiwa nalo. Watu walikasirika, na Hitchcock alisema ilikuwa kosa kumfanyia mtazamaji hivyo baada ya kumbebesha hofu yote ile. Mimi silichukui kama sheria, zipo filamu ambazo mwisho mchungu ndio ukweli wake. Ninachokichukua ni kwamba hofu uliyoijenga ni deni, na mtazamaji atakudai. Unaweza kulilipa kwa kumwokoa binti au kwa kumtoa kafara, ila usilipe kwa kitu ambacho hukukijenga.

Wewe umejenga miwani, kwa hiyo lipa kwa miwani. Hebu fikiria bosi anaingia, na bila miwani haoni vizuri. Binti amejibana kati ya kabati na ukuta, hakufichika kabisa, mtu mwenye macho mazima angemwona. Bosi anapapasa meza. Mkono wake unapita juu ya faili. Anahisi faili, anasimama. Faili hizi hakuziacha hapa. Anaziinua, anapata miwani. Sasa mtazamaji anajua jambo moja tu: akiivaa, ameona. Hapo una sekunde nyingi kuliko unavyodhani, maana anaweza kuifuta kwanza. Mwache aifute kwa shati lake, upande mmoja, kisha wa pili. Uamuzi wa kama ataivaa akiwa amegeukia mlango au kabati ni wako na mwandishi wako, na pande zote mbili zitakuwa zimelipwa.

Ukichagua asimwone, usimwache aondoke salama kabisa. Achukue lile faili alilolikuta mezani aondoke nalo. Binti amepona, ana picha mbili kati ya tatu, na bosi anajua.

BintiWaKamera:

Ataifuta. Nimeshaamua hilo.

Kwa usiku ule mmoja, tuanze na nini? Tukianza na korido nahofia kupoteza muda wa ndani.

MezaYaUhariri:

Anzeni na korido. Mwigizaji wa bosi atembee kwenda na kurudi bila kukata, kwa mwendo wa kawaida, kisha mwendo wa mtu aliyechoka. Ni kazi ya muda mfupi na ndiyo itakayowapa urefu wa kila kitu cha ndani, maana mtajua kutoka ngazi mpaka mlangoni ni sekunde ngapi, na binti atafanya kazi yake ndani ya sekunde hizo kweli. Kisha ingieni ndani mpige sini yote mwanzo hadi mwisho kwa fremu aliyoichora mpiga picha, bila kusimama, hata mara tatu. Shoti za karibu za mikono, karatasi, simu na miwani ziwe za mwisho. Mkiishiwa na muda, bora mkose shoti ya mkono kuliko mkose ile ndefu.

Sikio:

Na ile dakika ya ukimya wa chumba msiiache mpaka mmeshaanza kukunja nyaya. Ichukueni mara tu mkimaliza zile ndefu za ndani, kabla hamjahamisha kitu chochote.